Vikopo Viwili, Mkojo Mmoja

Jumanne, Agosti 2019. Wiki moja baada ya Iddi.

Joto la leo ni lile la kunata. Ukitoka tu kwenye mlango wenye kiyoyozi, miwani inaingia ukungu, na mimi bila miwani sioni hata namba ya basi. Nilipotoka kazini nilisimama kituoni Jumeirah Village Circle nimeishika miwani mkononi, nacheka peke yangu. Bwana mmoja aliyekuwa amesimama karibu nami akasogea pembeni kidogo. Simlaumu.

Leo nimemjibu mtu mzima.

Wasomaji tisa wa blogu hii mnaonijua mtaelewa uzito wake. Tangu darasa la kwanza mpaka Juni hii nilipomaliza shule, kila ripoti yangu iliandikwa neno lile lile: mkimya. Mama alikuwa anafurahi. Bibi pia. Mimi nilidhani ukimya ni tabia njema, kama kunawa mikono. Leo nimeona watu wanaweza kuuchukua ukimya wako wakaufanyia kazi ambayo hukuwatuma.

Nitaandika yote, hata yale yanayonitia aibu. Majina nimeyabadilisha, langu pia. Na madam wa ofisini hasomi Kiswahili.

Nafanya kazi kwenye chumba cha sare cha hoteli moja ya vyumba vya kupanga. Ni kazi yangu ya kwanza. Natoa sare, napokea chafu, nashona vifungo, napiga pasi ya mvuke. Mlango wa pili ni chumba cha kufulia, na humo ndimo anamofanya kazi dada Wambui, Mkenya wa Nyeri. Ana miaka sita hapa Dubai. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukunja shuka kubwa peke yako, kwa kidevu. Anaongea kwa niaba yetu wote wawili. Ananiita Zuu.

Dada Wambui alikuwa anavuta sigara. Alianza alipokuwa mlinzi wa getini, na alipohamia kufua akawa anakohoa kila akiinama kubeba gunia la mataulo. Miezi saba iliyopita akaacha. Aliacha kwa kuhamia kwenye vepu, ile sigara ya umeme, kijiti chembamba chenye harufu ya embe. Anavuta wakati wa mapumziko, nyuma kule malori ya mizigo yanakogeuzia, kisha anarudi kazini. Hakohoi tena. Mimi nakaa naye chumba kwa chumba saa tisa kwa siku, ningemsikia.

Sisemi vepu ni dawa. Shuleni nesi alitufundisha ubaya wake na ninamwamini. Nasema tu nilichosikia kwa masikio yangu.

Mwezi uliopita likabandikwa tangazo pale tunapogonga kadi za zamu. Kuanzia sasa hoteli yetu ni mahali pasipo nikotini. Kila mfanyakazi atapimwa mkojo. Atakayekutwa na nikotini, mkataba wake ukiisha hautaongezwa. Sigara, vepu, hata ile pipi ya kutafuna ya kuachia sigara, vyote ni kundi moja. Kwenye mkutano wa kutueleza hayo dada Wambui alinyanyua mkono akauliza kama kipimo kinajua tofauti ya mtu anayevuta na mtu anayeacha. Madam wa ofisi ya wafanyakazi akajibu kwa upole kabisa kwamba nikotini ni nikotini.

Na huku juu ya paa letu kuna baraza ya wageni kuvutia shisha. Mataulo madogo ya huko yanashuka kwetu kila asubuhi yananuka moshi wa tufaha, na dada Wambui ndiye anayeyafua.

Mkataba wake unaisha mwisho wa Septemba. Viza yake imefungwa kwenye mkataba huo, na kitanda chake kwenye nyumba ya wafanyakazi kimefungwa hapo hapo. Kipimo kimoja, na miaka sita inaingia kwenye begi.

Wiki ile ya kabla ya kupimwa aliiacha vepu. Siku tano kamili. Kichwa kilimuuma, alinuna, alikunywa maji mpaka akawa anakwenda chooni kila nusu saa. Lakini hakuuamini mwili wake. Jumapili asubuhi, siku ya kupimwa, alikuja chumba cha sare kabla wengine hawajafika, akafunga mlango, akasimama mbele yangu kama mtu anayekuja kuposa.

"Zuu, wewe ni msafi kama maji ya chupa," akasema. "Nisaidie na mkojo."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nilichukua chupa ndogo tupu ya maji, nikaingia chooni, nikarudi nayo. Nilijua ni udanganyifu. Naandika hapa ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba sikujua. Tukaificha chupa katikati ya mataulo yaliyotoka moto kwenye mashine ya kukausha, isipoe, kwa sababu dada Wambui alisikia kwamba nesi anagusa kikopo kuona kama kina joto la mwili. Zamu yake ilipofika aliingia nayo chini ya aproni. Nesi alikuwa amesimama nje ya mlango anaangalia simu. Nusu saa baadaye nikaingia mimi na kikopo changu halali, nimetulia kabisa.

Mimi sivuti kitu. Sijawahi. Kwenye fomu waliuliza kama navuta sigara, nikaandika hapana.

Jana mchana majibu yakatoka. Katika kitengo chetu wawili wamekutwa na nikotini.

Dada Wambui, na mimi.

Nilisoma jina langu mara tatu. Yeye alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake, akanivuta mpaka nyuma ya mashine kubwa ya kufulia inayopiga kelele.

"Kumbe unavuta?"

Nikaapa. Nikaapa tena. Nilikuwa nalia. Kisha ghafla nikanyamaza, kwa sababu ulimi wangu ulikumbuka kabla ya kichwa.

Harusi.

Ijumaa tulikuwa na harusi ya binti wa shangazi yangu, kwenye nyumba ya jamaa zetu hapa hapa Bur Dubai. Sisi ni watu wa Unguja, na harusi ya Waunguja bila tambuu haijaiva. Majani hapa hayauzwi hadharani, yalikuja kwenye mzigo wa mgeni mmoja, na nitaishia hapo. Kina bibi walikaa chini wameizunguka sinia wanapaka chokaa, wanaweka popoo, iliki, katu, wanakunja. Wasichana hatupewi. Mwaka huu bibi mdogo, ndugu yake bibi, aliniita mbele ya watu akanitilia moja mdomoni kwa mkono wake. Alisema nimemaliza shule, nimepata kazi, sasa mimi si wa kukaa na watoto. Ndani alikuwa ametia tumbaku. Kichwa kilinizunguka, masikio yakapata moto, nikacheka mpaka mtandio ukanivuka. Nilitafuna tatu siku ile. Zilizobaki bibi alikuja nazo nyumbani zimefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, na Jumamosi nikatafuna nyingine mbili naye, jikoni, tukijisikia watu wakubwa.

Tumbaku ndiyo nikotini. Nimepata alama nzuri za kemia na sikuwahi kuviweka vitu hivi viwili kwenye sentensi moja. Nyumbani kwetu kuvuta ni jambo la wanaume walio barazani, lina moshi na lina aibu. Tambuu ni heshima. Ni kitu wanachokupa wakikupenda. Ningeulizwa mara mia kama navuta, mara mia ningesema hapana kwa moyo safi.

Nilipomweleza dada Wambui, alikaa juu ya gunia la shuka, akajifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini si kicheko cha kufurahi.

"Siku tano sijagusa kitu," akasema. "Pengine wangu ulikuwa safi. Nimeumwaga chooni, nikabeba wa harusi."

Hilo ndilo lililoninyima raha. Si kwamba nilidanganya tu. Nilidanganya, na udanganyifu wangu ndio uliomkamatisha.

Nilitaka kwenda kusema kila kitu. Akanikataza. Alisema wakijua habari ya chupa hawatasubiri Septemba, ataondoka wiki hii hii, na mimi nyuma yake. Siri ile si yangu peke yangu. Kwa hiyo sikuisema, na leo pia sikuisema, na kama unasoma hapa ukaniona muongo, una haki yako.

Asubuhi hii madam akaniita ofisini peke yangu.

Lazima niseme ukweli juu ya madam. Si mtu mbaya. Siku yangu ya kwanza alikuja mwenyewe kuniuliza kama nimekula. Leo alinikalisha, akanisogezea tende, akasema ameshangaa sana kuona jina langu na ana hakika kuna maelezo. Alikumbuka kwamba niliomba ruhusa Ijumaa kwa ajili ya harusi. Akaweka karatasi mbele yangu, tayari imeshapigwa chapa. Ilisema mfanyakazi huyu hatumii bidhaa yoyote ya nikotini, bali alikaa karibu na moshi wa shisha kwenye shughuli ya kifamilia. Anaomba apimwe upya baada ya siku kumi. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi.

Nilishika kalamu.

Naiandika hii kwa sababu nimeahidi kuandika yote. Nilishika kalamu na nikaifungua. Aliyenipitia moyoni si dada Wambui, ni Baba, na jinsi Baba hatahitaji kujua chochote. Nukta ya wino ilishagusa karatasi.

Ndipo nikauliza, kwa sauti ambayo nadhani hata mimi sikuisikia vizuri, kama dada Wambui naye amepewa karatasi hii. Madam akatabasamu. Alisema Wambui ni jambo jingine, yule ni mtumiaji, kila mtu anajua. Siku kumi ni za wale wasiotumia. Kisha akanigusa mkono.

"Wewe si wa aina hiyo, habibti."

Sijui nielezeje. Alikuwa ananisifu. Na nikaona mara moja sifa ile imetengenezwa kwa vitu gani: kwa hijabu yangu, kwa miwani, kwa kutosema kwangu. Vikopo viwili vimetoa jibu moja, na mimi najua kuliko mtu yeyote kwamba ni jibu la mtu mmoja. Lakini mimi nimepewa hadithi ya kujitetea imeshapigwa chapa na tende pembeni, na yeye hakuulizwa hata swali. Hakuna kipimo kilichomwambia madam kwamba mimi ni wa aina ile na dada Wambui wa aina hii. Aliangalia tu.

Nikaweka kalamu chini.

"Nani amekuambia mimi situmii, madam?"

Alidhani hajasikia. Nikarudia. Nikamwambia sikukaa karibu na shisha yoyote. Nilitumia tumbaku, ya kutafuna, kwa mdomo wangu, kwa hiari yangu, mara tano ndani ya siku mbili. Kwenye fomu ya Jumapili niliulizwa kama navuta, ndiyo maana niliandika hapana. Wangeuliza kama natafuna ningesema ndiyo.

Akaniuliza nimeipata wapi. Nikanyamaza. Ule ulikuwa ukimya wangu mwenyewe, nimeuchagua, na nimeushika mpaka akachoka.

Kisha nikasema maneno ambayo nilikuwa nayapanga kichwani pale pale kama shairi la mtihani, na bado yalitoka yamevunjika vunjika. Nilisema yeye mwenyewe alituambia nikotini ni nikotini. Basi kama anayeitumia ana siku kumi, tupewe wote wawili. Kama hana, tunyimwe wote wawili. Mimi siweki sahihi kwenye karatasi inayosema mimi ni msafi ili mwenzangu aonekane mchafu.

 

Madam hakukasirika kwa kelele. Alisema mimi ni mdogo, sijui ninachokitupa. Alisema rekodi ya kazi ya kwanza inamfuata mtu. Nikasema najua, ingawa sikuwa najua. Akachukua karatasi yake akaingia nayo kwa meneja, mimi nikabaki nimesimama mlangoni, natazama sare za wahudumu wanaopita na kuona vifungo nilivyovishona mimi.

Hili pia lazima niliseme. Ujasiri wangu ulikuwa rahisi kuliko unavyosikika. Mimi nikifukuzwa narudi chumbani kwangu Bur Dubai, na bibi atanipikia wali wa nazi. Dada Wambui akifukuzwa anapelekwa uwanja wa ndege. Nilikuwa nacheza na kitu chake huku changu kiko salama, na sikumuuliza kwanza. Hilo ndilo lililonitoa jasho kwenye kiyoyozi.

Madam alirudi baada ya muda mrefu. Meneja amesema kwamba jina langu lilikuwa tayari limetumwa kwa nesi kupimwa upya, na hawezi kuwa na majibu mawili yanayofanana kwenye faili moja yenye uamuzi tofauti, kwa sababu watu wa bima watauliza. Wote wawili siku kumi. Wote wawili barua ya onyo. Na safari hii nesi ataingia ndani.

Nilipompelekea dada Wambui habari alikuwa anatoa shuka kwenye mashine. Alinifokea kwanza. Aliniuliza nani alinituma, akasema nimejichoma picha bure, nimejiharibia jina, kwamba mtoto anayefungua mdomo mara moja kwa mwaka kumbe anafungulia mafuriko. Nilisimama nikapokea yote, nilistahili. Akavuta shuka mbili zaidi. Kisha akauliza polepole, siku kumi kweli? Nikasema kweli. Akakaa kwenye gunia lake.

"Hii mara nakojoa mwenyewe," akasema. "Wako siutaki, una chokaa na iliki ndani."

Tukacheka mpaka mfanyakazi wa mapokezi akaja kuchungulia.

Akanipa ile vepu niitunze mpaka siku kumi zipite, isimkae karibu. Nimekataa. Nimemwambia mimi sasa ni mtumiaji anayejulikana, nikikutwa nayo tutaondoka na ndege moja. Ameitupa mwenyewe kwenye pipa la nyuma, kisha akarudi mara mbili kuliangalia lile pipa. Sijui kama atazimaliza siku kumi. Yeye mwenyewe hajui. Lakini zikiisha kitakachopimwa kitakuwa chake, na akishinda atakuwa ameshinda yeye.

Najiuliza mambo mengi usiku huu wa mapema, kabla ya Isha. Najiuliza kwa nini hoteli inauza moshi juu ya paa na kutafuta moshi ndani ya kibofu cha mfua mataulo. Najiuliza kama mtu aliyeacha sigara miezi saba hastahili hata mtu mmoja wa ofisini kumwambia hongera.  Nimegundua naweza kuuliza kwa sauti na dari isianguke.

Limebaki moja.

Viza yangu iko chini ya Baba, kwa hiyo barua ya onyo lazima irudi kazini ikiwa na sahihi yake. Iko hapa mezani. Inasema kwa maneno meusi kwamba binti yake ni mtumiaji wa tumbaku. Baba ni dereva wa basi la shule, anawajua watoto wa watu kwa majina yao na ananitaja mimi kwao kama mfano. Bibi amesikia habari yote jikoni, amejifunga kanga kiunoni, anataka atangulie yeye aseme kosa ni lake na la nduguye, mimi nilikuwa mtoto tu.

Nimemwomba asitangulie. Nilipewa ile tambuu kwa sababu mimi si mtoto tena, hatuwezi kulirudisha neno hilo leo kwa kuwa limekuwa zito.

Baba ametoka kuoga, yuko sebuleni, namsikia anatafuta rimoti. Kesho nina zamu ya saa moja asubuhi, na barua lazima iwe na sahihi mbili. Yangu nimeshaiweka. Naenda kuomba ya pili.